Watoto 66 na swali moja: jinsi magonjwa ya moyo yaliyosahauliwa yanavyotafitiwa

Wanafunzi 2,170 wa Mozambique walipimwa moyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya miaka yote: daktari anakuwekea kifaa kifuani na kusikiliza kama damu inapita kwa mvumo usio wa kawaida. Waliothibitika kwa njia hiyo kuwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoharibu milango ya moyo, walikuwa 5. Ya pili ni eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, sawa na ultrasaundi wanayopigwa akina mama wajawazito. Kwa eko walipatikana 66. Kule Cambodia, ambako utafiti huohuo ulihusisha wanafunzi 3,677, mambo yalikuwa vilevile: 8 kwa kusikiliza, 79 kwa picha.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007, nayo yakaleta ubishi. Mtoto ambaye ugonjwa wake unaonekana kwenye picha tu, anayecheza mpira na kupanda miembe bila kuhema, ni mgonjwa au si mgonjwa? Achomwe sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka kadhaa? Au aachwe, maana huenda atapona mwenyewe? Miaka 14 ilipita kabla ya kupatikana jibu la kuaminika, na jibu hilo lilitoka Uganda.

Ugonjwa wenyewe huanzia kooni. Mtoto anapata mafindofindo yaliyoletwa na bakteria wa jamii ya streptokoki, wale wa kundi A. Nyumbani anasukutua maji ya chumvi, siku nne tano koo linatulia, watu wanasahau. Kwa watoto walio wengi habari inaishia hapo. Kwa wachache, askari wa kinga ya mwili waliotumwa kuwaua bakteria wanachanganyikiwa, kwa sababu sehemu fulani za bakteria hao zinafanana na protini za moyo. Vita vya kooni vinahamia kifuani. Wiki mbili tatu baadaye mtoto anashikwa na homa, goti linavimba, kesho yake ni kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Wapo wanaoiita homa ya baridi yabisi, jina ambalo mimi naona linapotosha, kwa kuwa msomaji anafikiria magoti ya wazee wakati wa mvua, kumbe anayezungumziwa ni mtoto wa darasa la nne.

Viungo hupona. Kinachobaki na majeraha ni valvu, milango midogo inayofunguka na kujifunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mlango unaoumia zaidi ni ule wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto. Kila mafindofindo mapya yanaweza kuamsha homa upya, na kila homa inaongeza kovu. Mlango unakakamaa. Usipofunga sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Usipofunguka sawasawa, damu inakwama nyuma na mapafu yanajaa maji. Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, kwa sababu mimba huongeza wingi wa damu, na moyo uliokuwa ukijikongoja unashindwa kubeba mzigo huo mpya.

Sasa tutenganishe maneno mawili ambayo hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Ugonjwa adimu ni ule unaowapata watu wachache. Ugonjwa uliosahauliwa unaweza kuwapata mamilioni, ila si mamilioni wanaoishi karibu na maabara na fedha za utafiti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 wana ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na kwamba unaua watu 360,000 hivi kwa mwaka. Hapo huwezi kutumia neno adimu. Ni adimu Ulaya na Marekani, ambako nyumba zilizobanana zilipungua, matibabu yakasogea karibu, na ugonjwa ukatoweka katika fikra za wanaogawa fedha. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kuhusu ugonjwa huu lilipitishwa Mei 2018 tu, ilhali penisilini ilikuwa inajulikana kuuzuia tangu miaka ya 1950.

Ukitaka kuona gharama ya kusahau, tazama rejesta ya REMEDY, iliyoongozwa na watafiti wa Cape Town akiwemo marehemu Profesa Bongani Mayosi. Hospitali 25 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen, ziliandikisha wagonjwa 3,343 kuanzia mwaka 2010 hadi 2012. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 28. Thuluthi mbili walikuwa wanawake. Katika miaka miwili ya kufuatiliwa, karibu asilimia 17 walifariki, na umri wa kati wa waliofariki haukufika miaka 29. Hao si wazee waliokwisha kulea.

Kwa nini isitoshe kuangalia tu?

Swali la wale watoto 66 linaonekana jepesi. Chukua watoto waliokuwa wakichomwa sindano, chukua wasiochomwa, linganisha mioyo yao. Shida ni kwamba makundi hayo mawili yanatofautiana kabla hata sindano haijaingia. Mtoto anayefika kliniki kila mwezi ana mama mwenye nauli ya bodaboda, au nyumba yao ipo karibu na barabara, au baba anaamini hospitali. Huenda pia analala watu wawili chumbani badala ya saba, na mafindofindo hupenda chumba cha watu saba. Moyo wake ukibaki salama, huwezi kujua kama kilichomsaidia ni dawa, au nauli, au chumba.

Dawa ya tatizo hilo ni kura. Kila mtoto aliyeridhia, na mzazi wake akaridhia, anaingizwa katika kundi moja kati ya mawili kwa bahati nasibu, si kwa uamuzi wa daktari wala ombi la mzazi. Watoto wakiwa wengi, wenye nauli na wasio na nauli watajigawa karibu sawa pande zote mbili, pamoja na tofauti nyingine ambazo hakuna aliyezifikiria. Kitakachobaki kuyatofautisha makundi ni sindano peke yake.

Wengi hukwazika hapa. Inakuwaje daktari amwache mtoto bila dawa kwa sababu ya kura? Kamati za maadili huruhusu hilo pale tu ambapo wataalamu kwa dhati hawajui upande upi ni bora. Kuhusu watoto waliokwisha kuugua homa ya rumatiki, ujuzi ulikuwepo, na kuwanyima penisilini lingekuwa kosa. Kuhusu wale wa kwenye picha tu, ujuzi haukuwepo. Tena sindano si jambo dogo. Penisilini ya benzathini ni nzito, inachomwa kwenye msuli, inauma siku nzima. Mtoto aliyeambiwa ana ugonjwa wa moyo anaweza kukatazwa michezo, akaanza kutazamwa nyumbani kama yai. Kumbandika mtoto jina la ugonjwa ambao ungepita wenyewe nako ni kumdhuru.

Uganda ilivyojibu

Jaribio lililopewa jina la GOAL liliendeshwa kaskazini mwa Uganda na Taasisi ya Moyo ya Uganda kwa kushirikiana na wenzao wa nje; kati ya waliotajwa mbele ni Emmy Okello na Andrea Beaton. Matokeo yalitoka Novemba 2021. Hesabu yake ya kwanza ndiyo inayonishangaza kuliko zote: ili kupata watoto wa kutosha, walipiga eko watoto na vijana 102,200. Wenye dalili kwenye picha ya kwanza walikuwa 3,327. Walipopigwa picha ya pili kwa umakini zaidi, waliothibitika na kufaa kuingia utafitini walikuwa 926. Waliokubali na kupigiwa kura ni 916, wenye umri wa miaka 5 hadi 17; waliohesabiwa katika matokeo ni 818.

Nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Nusu nyingine hawakuchomwa chochote. Wangeweza kuchomwa sindano ya maji ili wasijue wako kundi gani, lakini kumchoma mtoto mara 26 kwa ajili ya kumficha tu si jambo ambalo mzazi angelimeza kwa urahisi. Badala yake waliofichwa ni wasomaji wa picha: jopo la wataalamu lilitazama eko za mwisho bila kuelezwa ni za mtoto wa kundi lipi.

Katika kundi la sindano, picha zilikuwa mbaya zaidi kwa watoto 3, yaani asilimia 0.8. Katika kundi lisilochomwa, watoto 33, yaani asilimia 8.2. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuitwa bahati.

Lakini namba hizo zinahitaji kusomwa taratibu, na magazeti mengi hayakufanya hivyo. Asilimia 8.2 maana yake zaidi ya watoto tisa katika kila kumi ambao hawakupata dawa hawakuzorota katika miaka hiyo miwili. Zaidi ya hapo, karibu nusu ya watoto wa kila kundi picha zao zilipata nafuu, waliochomwa kwa wasiochomwa. Ukipiga hesabu, ili mtoto mmoja aepushwe kuzorota, inabidi watoto 13 hivi wachomwe kwa miaka miwili, sindano 26 kila mmoja. Ni kama sindano 340 kwa moyo mmoja. Mtu anaweza kuona hiyo ni bei ndogo sana, nami ni mmoja wao, maana upasuaji wa valvu ni ghali kupita kiasi na wagonjwa wengi hawaufikii kabisa. Hata hivyo, waziri wa afya mwenye chupa chache za penisilini ana haki ya kuitazama hesabu hiyo mara mbili.

Na kilichopimwa ni picha, si uhai. Miaka miwili haitoshi kujua ni wangapi wangekufa wakiwa na miaka 28.

Dawa mpya iliyoshindwa

Jaribio la pili ninalotaka kulieleza liligeuza matarajio ya karibu kila mtu. Mlango wa mitrali ukishakakamaa, chumba cha juu cha moyo hutanuka, kisha huanza kupapatika badala ya kubana kwa mpangilio. Damu inatuama humo kama maji ya dimbwi, inaganda, na bonge likitoka linaweza kufika ubongoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na ya siku nyingi ni wafarini.

Wafarini ina masharti. Ikizidi unatokwa na damu, ikipungua damu inaganda, na kiasi kinachofaa hubadilika kulingana na dawa nyingine unazomeza na hata mboga unayokula. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, ambayo hupingana nayo. Lazima upimwe damu mara kwa mara, kipimo kinachoitwa INR. Kwa mtu wa kijijini kipimo hicho ni safari.

Kisha zikaja dawa mpya zisizohitaji kipimo, mojawapo rivaroksabani. Majaribio makubwa kuanzia mwaka 2009 yalionyesha kwamba kwa wenye moyo unaopapatika, dawa hizi hazizidiwi na wafarini na kwa mambo fulani zinaizidi. Ila wagonjwa waliokuwa na mlango wa mitrali uliobana sana hawakuingizwa katika majaribio hayo. Waliopimwa walikuwa zaidi wazee wa nchi tajiri, ambao moyo wao ulianza kupapatika kwa sababu za uzee na shinikizo la damu. Hilo halikuzuia dhana kuenea: kama imewafaa wale, bila shaka itawafaa hawa, tena zaidi, kwa kuwa hawa ndio wasio na maabara jirani.

INVICTUS lilikuwa jaribio la kuipima dhana hiyo. Nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wagonjwa zaidi ya 4,500, wastani wa umri miaka 50, zaidi ya asilimia 70 wanawake. Lilipangwa ili kuonyesha kwamba rivaroksabani si duni. Matokeo ya Agosti 2022 yalisema kinyume. Kati ya watu 2,275 waliopewa rivaroksabani, 552 walifariki. Kati ya 2,256 waliopewa wafarini na ndugu zake, walifariki 442. Na wale wa wafarini hawakutokwa na damu zaidi.

Kinachotatiza ni kwamba wafarini ilishinda huku ikitumiwa kwa taabu: katika vipindi mbalimbali vya ufuatiliaji, wagonjwa ambao INR yao ilikuwa mahali panapotakiwa walikuwa kati ya asilimia 56 na 65 tu. Tena pengo kubwa la vifo halikutokana na kiharusi, bali na vifo vya ghafla na moyo kushindwa kazi. Kwa nini? Huenda safari za kila mwezi za kupimwa damu ziliwafanya wagonjwa waonwe na muuguzi mara nyingi zaidi, miguu iliyoanza kuvimba ikagundulika mapema. Huenda ni jambo la dawa yenyewe. Sababu haijathibitishwa. Jambo la kuwapa haki yao: jaribio lilifadhiliwa na Bayer, watengenezaji wa rivaroksabani, na matokeo yakachapishwa hivyo hivyo yalivyo.

Kama una valvu ya mitrali iliyobana kwa rumatiki na unatumia wafarini, basi, usibadilishe kwa kusikia kwamba jirani anatumia ya kisasa. Jirani huenda ana ugonjwa mwingine kabisa unaofanana jina.

Hadithi inayokaribiana na hiyo ni ya kifua kikuu cha mfuko wa moyo. Kwa miongo mingi madaktari waliongeza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa za TB, wengine wakiapa kwamba inaokoa, wengine wakiikataa. Jaribio la IMPI la Mayosi na wenzake, lenye wagonjwa 1,400 barani Afrika, lilitoa jibu mwaka 2014: dawa hiyo haikupunguza jumla ya vifo na madhara makubwa, ingawa ilipunguza mfuko kukakamaa na kuubana moyo. Upande wa pili, saratani zinazohusiana na VVU ziliongezeka, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa na VVU. Kwa hiyo jibu ni ndiyo kwa huyu, hapana kwa yule. Ubishi wa miaka mingi hauishi vizuri zaidi ya hapo.

Pale ambapo hata swali halijakamilika

Kupiga kura kunawezekana ukiwa na dawa ya kujaribu. Upo ugonjwa ambao haujafika huko. Mwaka 1948 mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala, J.N.P. Davies, alieleza mioyo ya marehemu ambayo ukuta wake wa ndani ulikuwa umefunikwa na kovu nene, jeupe, gumu, kana kwamba chumba kimepigwa plasta kwa ndani. Mgonjwa wa namna hiyo tumbo hujaa maji huku miguu ikiwa myembamba, na mtu asiyejua atadhani ni ini. Kitaalamu unaitwa endomayokadia fibrosisi.

Ni adimu duniani. Lakini katika wilaya ya Inharrime, pwani ya Mozambique, timu ya Ana Olga Mocumbi ilipowapiga eko watu 1,063 wa rika zote, iliukuta kwa 211, karibu mmoja kati ya watano. Wengi wao hawakuwa na dalili zozote. Hayo yalichapishwa mwaka 2008. Chanzo kimetafutwa kwa zaidi ya miaka 70: minyoo inayopandisha aina fulani ya chembe nyeupe za damu, mlo wa muhogo usio na protini ya kutosha, madini ya seriamu kwenye udongo, urithi wa kifamilia. Kila dhana ina ushahidi wake na kila moja ina sehemu ambako ugonjwa upo na chanzo hicho hakipo. Bila chanzo huna dawa, na bila dawa huna cha kupigia kura. Kinachowezekana kwa sasa ni kazi isiyo na sifa: kuhesabu, kupiga picha, kuhifadhi sampuli, kurudi kijijini baada ya miaka mitano kuona nani kabadilika.

Tukirudi kwenye penisilini, bado kuna mafundo ya kufungua. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya streptokoki wa kundi A. Sindano ya benzathini ni ya bei ndogo kiasi kwamba viwanda vichache vinajisumbua kuitengeneza, na uhaba hutokea mara kwa mara. Baadhi ya wauguzi huiogopa kwa sababu wamesikia vifo baada ya kuchoma. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kwamba kwa wagonjwa ambao valvu zao zimeharibika vibaya, vifo hivyo huenda vinatokana na moyo wenyewe kuzidiwa kuliko mzio wa dawa, kikashauri walio katika hatari hiyo wafikiriwe vidonge. Huko Australia na New Zealand watafiti wamejaribu kuingiza dozi kubwa chini ya ngozi ili mtoto achomwe mara chache kwa mwaka badala ya mara 13.

Na Uganda kuna jaribio jingine, safari hii likilinganisha sindano na vidonge kwa watoto wa kwenye picha tu. Kidonge hakiumi, lakini kinamezwa kila siku, mara mbili, na mtoto ambaye haumwi popote. Atakimeza?